Mwenye Dagaa Atakaa Wapi

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
8 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Jovita,

Mimi Feliksi babu yako nimetimiza miaka themanini na tatu mwezi wa pili, na bado nakaza nati kwa mkono mmoja. Nimewazika mafundi wote watatu walionifundisha kazi. Malori manne nimeyaendesha mpaka yakafa, mimi nikabaki. Daktari aliyeniambia kwamba nikiendelea kula chumvi sitafika sabini, nilikwenda kwenye mazishi yake, na chakula nilikula sahani mbili. Katika wote niliowapita, mmoja tu sikutaka kumpita. Unamjua. Nitafika kwake huko mbele, usiniharakishe.

Marahaba, mjukuu wangu. Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili. Je, wewe hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa msiba kimepona? Huko Kibaha mnapata samaki wa kueleweka, au ni wale wa barafu? Mama yako Marcelina anasema kwenye picha ya simu umekonda shingo. Mimi nimetazama sana ile picha nikasema hapana, huyu hajakonda, huyu anafanya kazi. Lakini kula.

Sisi huku ni wazima. Goti la kushoto linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo habari za hali ya hewa ninazo mapema kuliko redio. Mama yako yupo palepale Katubuka, cherehani yake imetengenezwa, na aliyeitengeneza ni mimi. Ziwa limetulia wiki hii na dagaa wanatoka wengi.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili wiki iliyopita. Mara ya kwanza tukaongea habari za mvua. Mara ya pili tukaongea bei ya mawese, ukacheka, ukasema Babu nina kazi, tutaongea. Nilichotaka kusema sikukisema. Basi nikachukua kalamu. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne la misheni, na tangu hapo sijaandika zaidi ya jina langu na namba za magari. Hii nimeiandika siku tatu. Nassib, yule wa basi, ataileta mkononi mwako kabla ya kikao chenu cha tarehe ishirini. Nimemwapisha mbele ya watu.

Sasa nisikilize.

Mwezi wa kwanza ulinipigia ukaniuliza swali. Ulisema, Babu, tunataka kutengeneza gari dogo la mzigo ambalo mtu wa kawaida ataweza kulinunua likiwa jipya, asisubiri hadi wengine walichakaze. Ukasema kila kitu mnachokitoa bei inashuka. Ukaniuliza mimi, dereva wa miaka hamsini na sita, kwamba ingekuwa wewe ungetoa nini.

Mimi sikufikiri hata dakika moja. Nilikujibu, toa siti ya pili. Dereva ni mmoja, siti iwe moja. Nikakuambia na mimi mwenyewe nimekwisha kuitoa kwenye pikapu yangu, mwezi mzima sasa, na sijaona upungufu wowote. Unakumbuka nilivyosema kwa sauti? Nilisema kama mtu anayesoma tangazo.

Ulinishukuru sana. Na mwezi wa tano ikaja ile karatasi kubwa yenye michoro. Nilifurahi, siwezi kukuficha. Jina lako pale chini kwa herufi za mashine! Nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Gari la mzigo zuri, fupi, matairi madogo yasiyo ghali, bodi inayofunguka pande tatu, na mbele siti moja. Kwenye barua yako ukaandika kwamba wakubwa wako wameipenda hiyo siti moja kuliko vyote, kwa sababu imeshusha bei sana, na kwamba uliwaambia ni ushauri wa babu yako. Ukaandika pia kwamba tarehe ishirini mwezi huu mchoro unapitishwa, kalibu zinachongwa, na zikishachongwa hakuna kurudi nyuma.

Nikaibandua, nikaenda nayo ufukweni Kibirizi. Nitakuficha nini, nilikwenda kujivuna. Ilikuwa saa tisa alasiri, wale akina mama ninaowabebea mizigo wanaanua dagaa waliokauka. Nikaitandaza juu ya magunia, nikasema njooni muone kichwa cha mjukuu wangu. Unamjua Mama Happiness, tunamwita Mama Hepi, mkubwa wao, yule mwenye sauti ya kuita mtumbwi. Wao ni wanane, wameungana, wanataka kununua gari lao la kupeleka dagaa sokoni Mwandiga badala ya kunikodi mimi. Gari kama hili lako ndilo wanalolingoja, hakuna lingine wanaloliweza.

Mama Hepi akainama. Akatazama sana. Halafu akaweka kidole pale mbele kwenye mchoro, akasema, "Mzee Feliksi, huyu hapa ni dereva. Mimi nakaa wapi?"

Nikamwambia, "Unapanda bodaboda, unatangulia."

"Gari nimenunua mimi, halafu nilifukuze kwa bodaboda kama limeniibia?"

Wakacheka wote, hata wavuvi. Mimi nikakasirika. Nikamwambia mbona na langu lina siti moja na mizigo yenu inafika! Tangu mwezi wa kumi na mbili nawabeba, nani amelalamika?

Hapo kicheko kikakatika. Mama Hepi akafuta mikono kwenye kanga yake, akasogea karibu, akaongea taratibu, sikuwahi kumsikia akiongea taratibu. "Babu, sisi tulikuwa tunakuvumilia. Ulikuwa na msiba."

Jovita, miezi mitano! Miezi mitano wale akina mama wamepanda bodaboda nyuma ya gari langu, na nauli ya mzigo wakanilipa kamili, na vumbi langu wakalila kuanzia hapo mpaka Mwandiga, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwa nawaona kwenye kioo. Nikajua ni mambo yao. Nikauchukua ukimya wao nikakupa wewe kama ushahidi.

Wewe umekulia Katubuka na ukaondoka mapema kwenda shule, kwa hiyo huenda hujui vizuri mambo ya dagaa. Nikueleze. Gunia la dagaa haliendi sokoni peke yake. Mnunuzi wa Mwandiga anataka mwenye gunia asimame hapo, afungue mdomo wa gunia mwenyewe, aingize mkono mpaka chini, atoe dagaa wa chini waonekane kwamba ni sawa na wa juu. Asipokuwepo mwenyewe, mnunuzi anajua wa chini ni mchanga. Dereva hata aape, haaminiwi. Mimi mwenyewe, Feliksi ninayejulikana mpaka Kasulu, niliwahi kufungua gunia la mtu nikaambiwa wewe funga, ngoja mwenyewe.

Na juu ya mzigo hawezi kukaa. Dagaa wakavu hawakaliwi. Awakalie nusu saa tu kwenye barabara ile, akifika anauza chakula cha kuku. Basi mahali pa mwenye dagaa ni hapo tu, pembeni ya dereva, na mtoto mapajani kama yupo, na turubai miguuni kwa ajili ya mvua. Ukimtolea siti hujampunguzia bei, umemwongezea nauli ya bodaboda kila siku ya Mungu mpaka gari lizeeke. Hilo gari litakuwa nafuu siku ya kulinunua tu.

Haya yote niliyajua. Nimewabeba miaka yote. Sasa utaniuliza, Babu, kama uliyajua kwa nini uliniambia vile? Hapa ndipo kalamu imenichukua siku mbili kati ya zile tatu.

Bibi yako Winfrida alikaa kwenye ile siti miaka thelathini na moja, tangu nilipoinunua pikapu. Wewe ulimjua akiwa nyumbani, jikoni, kanisani. Mimi nilimjua pale. Aliuza dagaa kabla ya hawa wote, na nilipomwoa, enzi za malori, nilikuwa dereva wa kumbebea mzigo tu, nikajikuta nimebeba na mwenye mzigo. Ile siti ilibonyea upande wake. Alishona kiraka cha kitenge pale sponji ilipotoka. Na chini, kwenye zulia, pana tundu, kwa sababu kila nikiteremka mlima yeye alikuwa anakanyaga breki ambayo haipo. Miaka thelathini na moja anakanyaga. Nilikuwa namwambia, mama, upande wako hakuna breki. Ananijibu, na upande wako je?

Tulipoanua matanga nikarudi kazini. Nikapakia mzigo Kibirizi. Mama Hepi akafungua mlango apande, kama kawaida yao siku ambazo bibi yako hakuwepo, akaiona ile siti, akasita. Mimi nikasema ngoja, siti mbovu, ina nati imelegea. Haikuwa na nati iliyolegea. Nati zangu hazilegei. Nikaondoka na mzigo, yeye akapanda bodaboda. Jioni ile nikamwita Castory, jirani yetu fundi wa kuchomelea, tukaing'oa. Nikamwambia auze au awape kuku. Sikutaka kuiona ikiwa tupu, na sikutaka kuona mtu mwingine ameikalia. Sababu ndiyo hiyo. Habari ya bei haikuwemo kabisa.

Halafu wewe ukapiga simu ukaniuliza ningetoa nini. Mtoto ananiuliza swali la kazi, mimi nikamjibu la kwangu. Ningekuwa mtu mwingine ningesema sijui. Lakini unanifahamu, neno hilo sijui kulitamka.

Siku ile ya Kibirizi nilikunja karatasi nikarudi. Nilikwenda moja kwa moja kwa Castory. Nilidhani siti imekwisha kuuzwa, nikawa natafuta maneno ya kumgombeza kwa kuiuza. Yeye akaniangalia, akaingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwenye gunia jipya, juu na chini, hakuna hata kinyesi cha kuku. Nikamwambia nilikuagiza uuze. Akasema, "Uliniagiza, Mzee. Mimi nikakaidi. Kwani mkaidi ni wewe peke yako hapa mtaani?"

Tukaifunga. Nati nne. Nilikaza mwenyewe zote.

Kesho yake Mama Hepi alipanda. Alikaa pembeni kabisa karibu na mlango, kama mtu aliyechelewa kanisani, akaacha nafasi katikati. Hakuongea mpaka tumepita njia panda. Halafu akaanza: Mzee shimo hilo, Mzee mbuzi huyo, Mzee unakimbilia wapi dagaa si wagonjwa. Akaendelea hivyo mpaka Mwandiga. Nilikuwa sijagombezwa barabarani tangu mwezi wa kumi na moja. Nilipunguza mwendo ili njia iwe ndefu kidogo.

Sasa kazi, Jovita. Usinionee huruma, nisikilize kama fundi.

Usiogope kwamba bei itapanda. Siti mbili za kisasa zenye vishikio na vya kuegemeza kichwa ni ghali, ndiyo. Acha hizo. Weka benchi moja kutoka mlango hadi mlango, kama malori ya zamani. Bomba la chuma, kitambaa cha turubai, sponji nyembamba. Castory amechomelea mfano kwa mabomba ya maji. Tumeukalia watatu kwa pamoja, mmoja wao Mama Hepi, na haukupinda, na wewe unamjua Mama Hepi. Vipimo vyake nimeviandika kwenye kipande cha karatasi ndani ya bahasha hii.

Halafu wale akina mama walikaa na mchoro wako saa nzima wakatoa vitu wenyewe. Walikuwa wanavitoa kama wanachambua mchele. Redio toa, tutaimba. Vioo vya kupanda kwa umeme toa, mkono upo. Kiyoyozi toa, ziwa lina upepo. Rangi ya kung'aa toa, vumbi litaifunika kabla gari halijafika Kigoma. Vifuniko vya matairi toa, vinaibwa. Taa ya ndani mmoja akasema toa, mwingine akasema acha, pesa tutahesabuje gizani, wakabishana, ikabaki. Kioo cha pembeni kwa upande wa abiria walikuwa wanakitoa, mimi nikakataa, hilo ni la dereva, hawanifundishi. Castory alinisaidia kuandika orodha yote. Nadhani utapata humo zaidi ya thamani ya hilo benchi. Na kama haitoshi, punguza na urefu wa jina la gari lenyewe, lile la kizungu, nalo lazima lina bei yake.

Na neno moja kuhusu ule mchoro wa pili kwenye karatasi yako, ule wa gari la mbio ambalo vijana wataweza kulinunua. Gari zuri. Hata mimi, kama ningekuwa na miaka sabini, ningelijaribu barabara ya uwanja wa ndege. Lakini nimeona lina siti mbili. Hamkuwa na shaka hata kidogo kwamba kijana mwenye gari la mbio atakuwa na mtu pembeni. Waulize wakubwa wako, mchumba wa kijana apewe siti, halafu mwenye dagaa afukuzie nyuma? Sema hivyohivyo. Ukiona wanacheka, hapo ndipo uwaonyeshe vipimo vya benchi.

Najua ninalokuomba. Umewaambia ni ushauri wa babu yako na wamekusifu. Sasa usimame mbele yao useme siyo. Wewe ndiye mdogo pale na ndiye msichana peke yako, uliniambia. Basi usiseme umekosea wewe. Sema babu alikosea. Ndiyo, andika hata ubaoni, Feliksi wa Kasingirima alikosea. Sijawahi kumruhusu mtu kusema hivyo, bibi yako alijaribu miaka yote hakupata. Wewe nakuruhusu. Na wakikuuliza kwa nini alikosea, waambie unavyoona vyema. Ukitaka wasomee barua hii. Ukitaka ile sehemu ya zulia uiruke, iruke.

Wakikataa, rudi na heshima yako, sitakulaumu. Lakini uwe umesema. Akina mama wanane wanangoja gari ambalo wana uwezo nalo na wana mahali pa kukaa ndani yake. Bila benchi wameniambia wazi hawatanunua, wataendelea na langu, na langu mimi na wewe tunajua halina miaka mingi, wala dereva wake.

Mama yako anakusalimu sana, anasema Krismasi usituletee zawadi, ulete mwili wako. Castory anakusalimu, anauliza kama karakana yenu ina kazi ya mtu mwenye jicho moja zuri na lingine la wastani. Mama Hepi na wenzake wanakusalimu, wamekutumia dagaa nusu gunia kwa Nassib, wa chini ni sawa na wa juu, nimeingiza mkono mwenyewe. Msalimie sana Evaline unayeishi naye, mpe na yeye.

Mungu akulinde unapolala na unapovuka barabara za huko. Akupe mdomo siku ya kikao, na mtu wa kukaa naye pembeni katika safari yako, atakayekugombeza kwa upendo.

Ni mimi babu yako, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika,

Feliksi Bukuru

Ukiona wakubwa wako hawaamini, mashahidi wa maneno haya ni hawa. Castory, aliyeshika spana siku ya kuing'oa na siku ya kuirudisha. Mama Happiness, na wenzake saba, ambao wameandika majina yao na namba za simu nyuma ya karatasi hii, na wawili wasiojua kuandika wameweka dole gumba kwa masizi ya sufuria. Wapigiwe wakati wowote, ila si asubuhi wakianika. Castory anataka niongeze kwamba siku ile tulipofunga siti nililia. Kwa mengine yote ni shahidi mzuri, mwamini. Kwa hilo usimwamini.